Kisima cha Kuangalia Kichimbwe Kabla ya Harufu

Hotuba kwa wamiliki na wasimamizi wa vituo vya mafuta, wachimbaji visima na viongozi wa serikali za mitaa, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa mitaa, wamiliki wa vituo vya mafuta, mafundi wa visima, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Jiji hili lina sheli karibu kila njia panda, na lina visima karibu kila mtaa. Mvua zilipokosekana mwaka 1997 na Ruvu ikapungua, visima vilichimbwa kwa haraka, vya serikali na vya watu binafsi, na tangu hapo uchimbaji haujasimama. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua tena, tuliona wenyewe jinsi tulivyoviegemea visima vya Kigamboni. Maji ya chini ya ardhi ndiyo akiba yetu siku mto unapokauka. Na ndani ya ardhi hiyohiyo tumefukia matenki ya petroli na dizeli, mengine mita chache tu juu ya maji.

Nimekuja kusema jambo moja. Kila kituo cha mafuta kiwe na visima vyake vya kuangalia, yaani visima vya kupimia kama mafuta yamefika kwenye maji ya chini, vichimbwe kabla mtu yeyote hajasikia harufu, na majibu ya vipimo yawafikie majirani wanaoyanywa maji ya eneo lile. Mengine yote nitakayosema yanaelekea hapo.

Wengi wetu tukisikia mafuta yamevuja, tunapiga picha ya tenki lililopasuka na petroli inayotiririka barabarani. Hayo hutokea, lakini yanayoharibu visima kwa kawaida ni madogo na ya kimyakimya. Kiungo cha bomba kati ya tenki na pampu kimelegea. Chuma kimeliwa na kutu, na huku pwani kwenye mchanga wenye unyevu wa chumvi kutu haina haraka lakini haipumziki. Boza linashusha mafuta, tenki linajaa kupita kiasi, lita kadhaa zinamwagika kwenye mdomo wa kujazia, mhudumu anamwaga mchanga juu yake na kazi inaendelea. Wiki ijayo tena. Mwaka ujao tena.

Najua mnapiga dipu asubuhi na jioni, yaani mnapima kwa kijiti mafuta yaliyobaki tenkini, na mnalinganisha na mita za pampu. Hiyo ni kazi nzuri na msiiache. Ila naomba tuitazame hesabu yake kwa macho makavu. Kanuni za Marekani zinazosimamia matenki ya chini zinasema tofauti ya mwezi ikizidi asilimia 1 ya mafuta yaliyopita, ukijumlisha galoni 130, hapo ndipo una tatizo. Galoni 130 ni karibu lita 490. Kituo kinachouza lita 200,000 kwa mwezi, asilimia 1 ni lita 2,000. Jumlisha hizo 490, unapata karibu lita 2,500. Maana yake kituo kinaweza kupoteza lita elfu mbili na zaidi ardhini kila mwezi, na daftari likasema kila kitu kiko sawa, ni mvuke tu, ni joto tu. Wenzetu wale wanalijua hilo, ndiyo maana hesabu ya dipu kwao lazima iambatane na kipimo cha kuhakikisha tenki halivuji kila baada ya miaka 5, tena kwa matenki ambayo bado ni mapya. Dipu peke yake haioni tundu dogo.

Sasa hizo lita zinakwenda wapi? Petroli inashuka ndani ya mchanga, nyingine inabaki imeshika kwenye chembe za udongo, nyingine inafika kwenye maji. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake na kutandaa. Pale inapogusana na maji, baadhi ya kemikali zake zinayeyuka na kuanza safari pamoja na maji. Nne ndizo tunazozitafuta kwanza: benzeni, toluini, ethilibenzeni na zaileni. Inayotisha zaidi ni benzeni, kwa sababu imethibitika kusababisha saratani ya damu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzeni kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Marekani wameweka 5. Nimefanya hesabu ninayotaka muibebe mkirudi nyumbani. Chukua lita moja ya petroli ambayo asilimia 1 yake ni benzeni. Humo mna gramu 7 na kitu za benzeni. Gramu hizo, zikiyeyuka zote, zinatosha kuyafikisha kwenye kikomo maji lita zaidi ya laki saba. Hayo ni maboza sabini ya lita elfu kumi kumi, kwa lita moja ya petroli. Kinachomwagika kwenye mdomo wa tenki siku moja ya pilikapilika kinaweza kuzidi lita hiyo.

Na hapa kuna kosa ambalo limeota mizizi: watu wanaamini pua. Wanasema maji yangeharibika tungesikia. Kwa kiwango hicho cha kikomo, benzeni peke yake hainuki na haina ladha. Kemikali nyingine za petroli zinanuka mapema zaidi, kwa hiyo ukisikia harufu, amini kuna tatizo. Usiposikia harufu, bado hujajua chochote.

Ndugu wachimbaji, hapa nazungumza nanyi moja kwa moja, maana kisima cha kuangalia kikichimbwa vibaya kinadanganya, na uongo wake unaandikwa kwenye ripoti yenye mhuri.

Visima vitatu ndiyo kianzio. Huwezi kujua maji ya chini yanaelekea wapi kwa kutazama mteremko wa barabara. Unachimba vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, unapima urefu wa midomo yake kwa vifaa vya upimaji ardhi, unapima kina cha maji katika kila kimoja, na hesabu inakuonyesha mwelekeo. Kimoja kikae upande maji yanakotokea, ili ujue yanaingia kwenye eneo lako yakiwa na hali gani. Vingine vikae upande yanakokwenda, karibu na matenki na mpakani na jirani. Karibu na bahari, Msasani au Kigamboni kwa mfano, pimeni visima vyote ndani ya saa moja, kwa sababu maji kujaa na kupwa yanaweza kusukuma usawa wa maji ya chini na kukuchanganya mwelekeo.

Kisha kuna sehemu yenye matundu kwenye bomba la kisima. Nimeona ripoti za kisima chenye matundu chini kabisa, mita nyingi chini ya uso wa maji, kama kisima cha kunywea. Petroli inaelea. Itafika kwenye ubavu mzima wa bomba lisilo na tundu, ipite, na ndani ya kisima usione hata tone. Matundu lazima yaanze juu ya usawa wa maji wa masika na yashuke mpaka chini ya usawa wa kiangazi. Juu yake pazibwe vizuri kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, na saruji, ili mafuta yatakayomwagika juu ya sakafu yasipate njia ya mkato kwenda chini.

Hilo la kuziba linahusu pia visima virefu vya kunywa. Sehemu nyingi za jiji letu zina mchanga juu, kisha udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga mwingine wenye maji. Mfinyanzi huo unayakinga maji ya chini. Anayeutoboa bila kuziba pembeni mwa bomba amefungua mlango kati ya maji yaliyochafuka na maji yaliyokuwa salama. Na tukumbuke kwamba maji hufuata pampu. Jirani anayevuta maji usiku kucha kwa ajili ya kuuza anaweza kuuvuta mkondo wa mafuta kuelekea kwake, hata kama kwa asili ulikuwa unaelekea kwingine.

Kuhusu sampuli, nitapita haraka. Chupa ni za kioo, ndogo za mililita 40, zinajazwa mpaka zisibaki na kiputo cha hewa, zinatiwa tindikali kidogo ya kuzuia bakteria, zinawekwa kwenye barafu na kupimwa maabara ndani ya siku 14. Chupa ya soda haifai. Benzeni inaruka hewani kwa urahisi mno, na mtu aliyechukua sampuli kwenye ndoo, akaimimina taratibu kwenye chupa ya plastiki, akaiacha kwenye buti la gari juani, amepima kilichobaki baada ya yeye mwenyewe kuifukuza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua kama ufuatiliaji ni wa kweli au ni wa karatasi: majira.

Masika yakiingia, usawa wa maji ya chini unapanda. Petroli iliyokuwa inaelea haipandi yote pamoja nayo. Sehemu kubwa inanaswa katikati ya chembe za mchanga na kufunikwa na maji. Mpimaji akija mwezi Mei, akashusha utepe wake unaotofautisha mafuta na maji, anakuta safu ya mafuta imekuwa nyembamba, au haipo kabisa. Anaandika kwamba mafuta hayaonekani. Mwenye kituo anafurahi, mkaguzi anafurahi, faili linafungwa. Miezi inapita, mvua zinakatika, maji yanashuka, na petroli ile iliyonaswa inaanza kuchuruzika tena kuelekea kisimani. Mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli, kisima kilekile kina safu nene. Hakuna uvujaji mpya. Ni mafuta yaleyale yaliyokuwa yamezama.

Upande wa pili, kemikali zilizoyeyuka zinaweza kuongezeka wakati wa masika, maana maji yaliyopanda yameloweka udongo uliokuwa mkavu na wenye mafuta. Kwa hiyo kipimo cha msimu mmoja, uwe msimu wowote, kinatoa nusu ya habari. Pimeni mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, mwaka hadi mwaka, kisima kilekile, kwa njia ileile. Na msiushangilie wala msiuogope unene wa mafuta ndani ya kisima kama ulivyo: mara nyingi ndani ya bomba yanajikusanya mazito kuliko yalivyo mchangani. Linalosema kweli ni mwenendo wa vipimo vingi. Mtu yeyote atakayewaletea kipimo kimoja na kutangaza eneo limesafika, mwombeni vya kiangazi.

Tukishajua kwamba yamevuja, kusafisha kunaanza na kuzuia chanzo. Hili nalisema kwa sababu nimeona fedha nyingi zikitumika kuvuta maji machafu huku bomba bovu likiendelea kutiririsha. Zima, chimbua, badilisha. Kisha ondoa mafuta yanayoelea, kwa pampu maalumu au hata kwa kuchota mara kwa mara. Udongo uliolowa unaofikika uchimbwe na upelekwe mahali panaporuhusiwa, usiende kujaza kiwanja cha mtu. Udongo usiofikika, ulio chini ya jengo au barabara, unaweza kunyonywa hewa yake, mvuke wa petroli utoke pamoja nayo na kuchujwa. Maji yenyewe yanaweza kupulizwa hewa kutoka chini, au kuvutwa na kupitishwa kwenye makaa maalumu ya kuchujia.

Kila moja ya njia hizo hufanya kazi. Hakuna hata moja inayomaliza yote. Mafuta yaliyonaswa kwenye vishimo vidogo vya udongo hayatoki kwa kuvuta maji tu, yanaachia kidogokidogo kwa miaka.

Wako wasaidizi tusiowalipa: bakteria wa ardhini wanakula benzeni. Mwaka 1995 wataalamu wa maabara ya Lawrence Livermore walitoa taarifa baada ya kuchambua mamia ya maeneo ya California yaliyovuja, wakaonyesha kwamba mara nyingi mkondo wa benzeni husimama kabla ya kuvuka mita 80 hivi kutoka kwenye chanzo. Ni habari njema, nami naiamini, lakini ina masharti. Bakteria lazima waonekane wanafanya kazi: oksijeni kwenye maji imeshuka, naitreti na salfeti, ambazo bakteria huzitumia oksijeni ikiisha, zimepungua, chuma kilichoyeyuka kimepanda. Vipimo hivyo ni vya bei nafuu na vichukuliwe pamoja na vya benzeni. Pia chanzo kiwe kimeshaondolewa. Na ardhi iwe ya mchanga na udongo. Kwenye matumbawe yenye mapango na nyufa, kama sehemu za pwani yetu na Zanzibar, maji yanakimbia, na sitamwambia mtu atulie kwa sababu ya hizo mita 80.

Zaidi ya hapo, petroli ina viungio. Mwaka 1995 kiungio kiitwacho MTBE kiligunduliwa kwenye visima vya Charnock, vinavyohudumia mji wa Santa Monica, California. Kilitoka kwenye vituo vya mafuta na mabomba ya jirani. MTBE huyeyuka upesi, udongo hauishiki, na bakteria huichukua polepole mno, hivyo ilisafiri ambako benzeni isingefika. Mwaka 1996 visima vile vilifungwa. Mji ukapoteza karibu nusu ya maji yake, ukanunua maji kutoka nje. Ukaenda mahakamani, kampuni za mafuta zikalipa, mtambo wa makaa ya kuchujia ukajengwa. Maji ya Charnock yalirudi kwa wananchi mwishoni mwa 2010. Miaka 14, katika mji tajiri, wenye wanasheria, maabara na fedha. Kwa mtaa wetu unaotegemea kisima kimoja cha jumuiya, sitaki hata kuhesabu.

Ndugu wamiliki, najua swali lililo vichwani mwenu. Nani atalipa? Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inashikilia kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Hilo ni haki. Lakini haki hiyo ikisimama peke yake inazaa woga: mwenye kituo kidogo akijua kwamba kutangaza uvujaji ni kufilisika, atanyamaza, na petroli itaendelea kusafiri. Marekani walikutana na tatizo hilohilo. Baada ya sheria yao ya matenki ya 1984, mwaka 1986 waliunda mfuko unaotokana na sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta. Tangu 1984 wamethibitisha uvujaji zaidi ya 500,000, na sehemu kubwa sana imeshasafishwa. Mchafuzi bado anadaiwa, lakini pale asipojulikana au asipoweza, kazi haisubiri.

Sisi tumeshazoea wazo la namna hii. Mwaka wa fedha 2015/16 tulianza kukata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya Mfuko wa Maji. Mafuta tayari yanachangia kuchimba visima. Naomba wenye mamlaka waliomo humu walipeleke pendekezo hili: sehemu ndogo ya fedha hiyo itengwe kulinda na kusafisha visima ambavyo mafuta hayohayo yanavihatarisha, na mwenye kituo anayetoa taarifa mapema apate nafuu kuliko anayeficha.

Kuficha kuna gharama yake. Mwaka 2015 bomba kubwa la mafuta linalotoka Mombasa kwenda Nairobi lilivuja Thange, kaunti ya Makueni. Mafuta yaliingia mtoni na kwenye maji ya wakulima, na kesi yao ilichukua miaka mingi. Watu waliokuwa wakilima na kunywa hapo hawakuwa na kipimo chao mkononi kuonyesha maji yao yalikuwaje kabla. Ndiyo sababu nasisitiza kipimo cha kwanza kichukuliwe leo, wakati ardhi ni safi. Kinamlinda jirani. Kinamlinda pia mwenye kituo dhidi ya lawama za mafuta ya mtu aliyemtangulia kwenye kiwanja kile.

Na majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Yaandikwe kwa Kiswahili: tarehe, kisima kipi, kina cha maji, benzeni kiasi gani, kikomo ni kiasi gani. Mistari mitano inatosha. Mama anayechota maji mita 50 kutoka kwenye tenki ana haki nayo kuliko mkaguzi atakayepita mara moja kwa mwaka.

Nimalizie na wenyeviti wa mitaa, kwa sababu simu ya kwanza itakuja kwenu. Mwananchi akisema maji yananuka petroli, aache kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea siku hiyohiyo. Asiyachemshe akidhani anayasafisha, maana benzeni inatoka na mvuke na kujaa jikoni. Klorini haiiondoi. Asisogeze moto wala sigara karibu na mdomo wa kisima. Asitie dawa wala asimwage maji yale kwenye mtaro. Toeni taarifa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa maandishi, mbaki na nakala, na visima vingine vilivyo karibu navyo visitumike mpaka vipimwe. Pampu kubwa za jirani zizimwe pia, kwa sababu niliyoieleza. Na mumwite mwenye kituo aje aone pamoja nanyi, asisikie kwa watu.

Ahsanteni. Wachimbaji mbaki kidogo, nimekuja na kipande cha bomba lenye matundu, tutazame pamoja pa kuanzia kukata.